Valvu Iliyoajiriwa Kuvuja

Hita yetu ilikuwa nzima mpaka siku nilipoamua kuitunza.

Inaning'inia juu ya mlango wa bafu, nyeupe, imelala kama pipa, lita 50, na kwa miaka mitatu na nusu hapakuwa na mtu aliyeitazama usoni. Unabonyeza swichi ya ukutani, kataa kekundu kanawaka, unaendelea na shughuli zako, baada ya saa moja na dakika arobaini na ushee unaoga. Tuliishi vizuri: haisemi, hatuisemeshi. Sasa Jumamosi moja ya mwezi wa sita natafuta risiti ya jiko la gesi kwenye ile droo ya chaja zilizokufa na funguo za makufuli yaliyopotea, nikakutana na kijitabu cha hita. Mimi ni mtumishi wa umma. Nikiona waraka nausoma, nikikuta agizo ndani yake tumbo linaniuma mpaka nilitekeleze. Agizo lilikuwepo: mwenye hita ainue kiwiko cha valvu ya usalama mara moja kwa mwezi, maji yatoke kidogo, ili chumvi isigande ndani. Nikapiga hesabu. Miezi 42. Nilikuwa nadaiwa viwiko 42 na sijalipa hata kimoja.

Nikapanda kigoda, nikainua kiwiko. Maji yakatoka kwa kishindo, meupe kama maji ya kuoshea mchele. Nikakirudisha. Yakakatika yote isipokuwa tone moja.

To.

Nikasubiri nikitabasamu, kama mtu anayemsubiri mgeni wa mwisho atoke ukumbini afunge mlango.

To.

Nikakandamiza kiwiko kwa kidole gumba. Nikakipiga kofi dogo. Nikakibembeleza. To, to, to, likaharakisha, kana kwamba nimelitania. Nikashuka, nikatafuta ndoo ya lita kumi, nikaiweka chini, na nikatoka bafuni kwa mwendo wa mtu ambaye hajafanya kitu.

"Baba watoto," mke wangu akaita kutoka jikoni, "umegusa nini?"

"Sijagusa kitu."

Najua ndugu zangu mlioko Dar es Salaam mnacheka. Mtu mzima anahangaika na hita! Nami nilikuwa huko, nilicheka kama ninyi. Kwetu Tabata mwezi wa pili ukifungua bomba saa nane mchana maji yanatoka yameshachemshwa na jua juu ya paa, unangoja yapoe ndipo uoge. Hita ilikuwa kitu cha hotelini. Kisha serikali ikahamia Dodoma, nasi wa mafaili tukahamia nayo, na hapo ndipo nilipofahamiana na mwezi wa sita. Mji uko juu kiasi cha mita 1,100 toka usawa wa bahari, upepo unapita uwanjani kama una barua ya wito, na maji yaliyolala kwenye simtanki juu ya mnara ukiyamwaga mgongoni saa kumi na moja alfajiri, unakumbuka majina ya ukoo mzima.

Kwa hiyo hita si anasa. Ni kitendea kazi.

Tatizo ni maji yenyewe. Mji huu umenyweshwa miaka mingi na visima vya Makutupora, maji ya ardhini, na maji ya ardhini hayaji peke yake, huja na mizigo. Birika letu la umeme lina ganda jeupe ndani, ukilitikisa linalia kama kayamba. Ganda hilo hupenda moto: kadiri unavyochemsha ndivyo linavyojitenga na maji na kujishikiza kwenye chuma. Sasa kama birika la lita moja na nusu linatoa kayamba, hita ya lita 50 iliyochemshwa kila siku kwa miaka mitatu na nusu imebeba ngoma nzima. Mimi kwa mkono wangu nikaifungulia mlango. Punje moja ikatoka mbio na maji, ikafika kwenye kalio la valvu, pale mpira unapokaa kuziba, ikajilaza katikati. Mpira haukai sawa juu ya punje, kama wewe usivyokaa sawa juu ya kokoto.

Hayo niliyajua baadaye. Siku ile nilichojua ni kwamba kuna tone, na kwamba mama mkwe anakuja Jumatatu.

Mama alikuwa anakuja kliniki ya macho, atakaa wiki mbili, na chumba cha wageni kimeshikana ukuta na bafu. Asubuhi yake ya kwanza nikamkuta sebuleni amekaa wima na kanga zake mbili.

"Shikamoo Mama. Umeamkaje?"

"Marahaba, baba. Nimeamka salama. Ila usiku kucha kuna mtu alikuwa anabisha hodi. Nikasema karibu, karibu, haingii."

Mkwe akishakwambia hivyo, unatafuta fundi. Wa kwangu akasema anakuja leo hii. Akaja kama serikali ilivyokuja Dodoma: uamuzi ulipitishwa 1973, safari yenyewe ikaanza 2016. Siku ya tatu, saa saba mchana, wakati wa chakula, akatokea na kijana mmoja wa kumshikia begi. Akaitazama valvu kwa sekunde nne. "Hii ni tredi tepu tu, bosi." Nilitaka kumwonyesha kwamba maji yanadondoka kutoka kwenye kile kimdomo cha chini, wala siyo kwenye maungio ya bomba, lakini nani humfundisha fundi? Akapanda. Na hapa naomba wasomaji wenye wakwe wanisikilize kwa huruma.

Wote tunajua spana ya kurekebishika, ile inayokubali nati ya ukubwa wowote, mafundi wa nchi hii wanaiitaje. Mimi ninayo, nimeinunua kwa pesa yangu, ninaitunza stoo. Fundi alikuwa amesahau ya kwake.

"Bosi!" akapaza sauti kutoka bafuni, nyumba nzima ikisikia, "malaya wako yuko wapi?"

Sebuleni mama mkwe akaweka kikombe chini.

"Stoo," nikajibu kwa sauti ya chini.

"Yule wa stoo nimemwona, mdogo! Huna yule mkubwa?"

Mke wangu akakimbilia jikoni na kuinamia sinki, mabega yakimtetemeka. Mimi nikaanza kumweleza mama habari za spana, na kadiri nilivyoeleza ndivyo ilivyozidi kuwa mbaya, kwa sababu nilipofika kwenye "anabana kila saizi" sauti kutoka bafuni ikauliza kama bomba la ukutani ni jike au dume, maana akikosea hawatoingiliana. Mama akasema anakwenda kuswali Adhuhuri. Alikuwa ameshaswali.

Fundi akafunga tredi tepu nusu roli kwenye maungio ambayo hayakuwa na kosa. Akashuka. To. Akatazama. To. Akafikiri, na mimi nikaogopa, maana fundi akifikiri gharama inapanda. Akamwambia kijana amkatie kipande cha ndara kuukuu, akakichonga kama kizibo cha chupa, akakigongomelea kwenye kile kimdomo, akazungushia ukanda wa mpira wa baiskeli na kuukaza kwa waya. Kimya. Kimya kizuri, kama cha msikitini kabla ya adhana. Nikatoa 20,000 na nauli ya kijana.

Usiku ule mama alilala. Mimi nililala. Kilichokesha ni hita.

Kesho yake jioni jirani yetu, mzee mstaafu aliyekula chumvi nyingi kwenye mitambo, alikuja kuomba ngazi. Alipopita mlangoni mwa bafu akaona ule mpira wa baiskeli. Hakuuliza kitu. Alinyoosha mkono, akazima swichi, kisha akafungua bomba la maji ya moto kwenye sinki likamwagika. Ndipo akageuka.

"Nani ameiziba pua hii?"

"Fundi, Mzee. Ilikuwa inavuja."

"Hii kazi yake ni kuvuja."

Akaniketisha kwenye kigoda changu mwenyewe. Maji, akasema, yakipata moto yanavimba. Hayavimbi kama mkate, yanavimba kidogo, lakini hayana adabu: lita 50 zikitoka ubaridi wa bombani mpaka nyuzijoto 65 zinaongezeka karibu lita moja. Hiyo lita itakwenda wapi? Tangi limejaa pomoni. Bomba la moto limefungwa. Kurudi ilikotoka haiwezi, kwa sababu ndani ya valvu hiyo hiyo kuna kimlango cha kwenda tu, kilichowekwa ili maji ya moto yasirudi kwenye bomba la baridi. Basi msukumo unapanda humo ndani mpaka ufike namba iliyochongwa ubavuni mwa valvu, 8, yaani bar 8, hapo kispringi kinakubali, na yanatoka matone. Bar moja ni kimo cha maji cha mita kumi. Mnara wangu wa simtanki una mita nne. Ili tangi lisukume kwa bar 8 ningelazimika kulipandisha mita 80 angani. Msukumo wa namna hiyo ndio niliokuwa nimeuzibia njia kwa ndara, ukutani, upande wa pili wa kichwa cha mama mzaa chema.

"Kilichobaki kukulinda," akasema, "ni temostati peke yake. Siku ikigoma kukata umeme, utakuwa na sufuria la presha la lita 50 lisilo na kipenga." Akakitoa kile kipande cha ndara kwa koleo, akanikabidhi mkononi kama mtu anayekabidhi ushahidi.

Nimefikiri sana kuhusu jambo hili na bado linanikera. Wao wenye viwanda wangeshindwa nini kutuandikia kwa herufi kubwa pale juu, kwamba kifaa hiki huvuja? Sisi tumelelewa kujua kuwa kinachovuja ni kibovu: paa, mtumbwi, siri. Sasa unaletewa kitu ambacho kikivuja kizima, kikiacha kuvuja ndipo ukimbie, na habari hiyo imefichwa kwenye kijitabu chini ya picha ya mwanamke anayejifunga taulo.

Lakini mzee naye hakunipa raha moja kwa moja. Akasema kuna tone la kazi na kuna tone la ugonjwa. La kazi hudondoka hita inapochemka, ikifika basi, kimya. La ugonjwa halijui saa. Zima saa nne usiku, weka ndoo tupu, tazama alfajiri: maji yanayopoa yanasinyaa, hayana sababu ya kutoka. Nikafanya hivyo. Saa kumi na mbili asubuhi ndoo ilikuwa na lita mbili na kidogo. Kwa hiyo lilikuwa tone la ugonjwa. Kwa hiyo fundi alikosea dawa tu. Sijui kwa nini habari hiyo ilinifurahisha.

Dawa ya kwanza ni ile ile iliyoleta ugonjwa: inua kiwiko, achia, inua, achia, mara kumi hivi, kwa nguvu, maji yaisombe ile punje. Kumbe siku ile kosa langu halikuwa kuinua, bali kuinua mara moja kwa woga. Nikainua kama mtu anayetwanga. Siku mbili tukapata amani. Siku ya tatu, to.

Dawa ya pili, siki. Unafungua valvu, unailaza kwenye siki usiku kucha, siki inalila lile ganda jeupe huku vipovu vikipanda kama soda. Nilifanya hivyo nikiwa nimeufunga mkondo wa maji na kuzima umeme kwenye saketi breka, maana bafuni pana maji na mimi nina familia. Kila kitu kilikwenda vizuri isipokuwa bakuli nililochukua lilikuwa la mama mkwe la kuwekea meno, na siki ilikuwa yote iliyokuwepo, na siku hiyo kulikuwa na pilau. Kachumbari ikaja mezani na ndimu. Hakuna aliyesema neno. Valvu ikarudi ukutani iking'aa, ikavuja vizuri zaidi kuliko mwanzo, kwa sababu siki ilikuwa imeondoa chumvi na kuacha wazi mkwaruzo ambao chumvi ilikuwa inauziba.

Nikaenda dukani. Nusu inchi, bar 8, yenye kiwiko, shilingi 15,000. Muuzaji akauliza jike au dume, nikatazama nyuma kwanza kuona kama mama mkwe yupo.

Kuibadilisha nilibadilisha mwenyewe, mzee jirani akiwa amekaa kwenye kiti cha plastiki mlangoni, akikataa kushika chochote. Zima breka. Funga geti valvu. Unganisha mpira mpaka kwenye tundu la sakafu, inua kiwiko, tangi lijimwage. Likagoma. Yalitoka maji kama kikombe, yakasita. Nikapuliza mpira kwa mdomo, nikapata chumvi ya miaka mitatu na nusu mezani pa ulimi. Mzee akasubiri nimalize, ndipo akasema: "Kopo la maziwa unalitoboa tundu ngapi?" Mawili. Moja la maziwa, moja la hewa. Nikafungua bomba la maji ya moto kwenye sinki, hewa ikavutwa kwa mlio wa mtu anayekunywa chai ya moto, na lita 50 zikaanza kushuka. Mwishoni zikaja na makombo, vijiko na vijiko, meupe, membamba. Mama mkwe aliyekuwa anapita akayatazama akasema, "Mmekaanga mayai mangapi humo?" Maana yalikuwa maganda ya mayai matupu kwa sura, na mzee akasema hata kwa asili hayako mbali, chokaa ni chokaa.

Valvu ya zamani ilitoka kwa ile spana nisiyoitaja tena. Mpya ikaingia na tredi tepu mizunguko kumi na miwili. Nikafungua maji, na kidole changu kilikuwa tayari kwenye breka mzee aliponishika mkono. Tangi likiwa tupu, koili inawaka kwenye hewa na kuungua kabla hujasema bismillahi. Unaacha bomba la moto wazi mpaka liache kutema hewa, maji yatiririke sawasawa, ndipo uwashe. Nikasubiri. Nikawasha.

Baada ya dakika arobaini, sote tukiwa sebuleni, tukasikia.

To.

Mke wangu alinitazama kwa namna ambayo nimeiona mara mbili tu katika ndoa hii. Nikanyanyua kidole: subiri. Nikaweka jagi chini. Kataa kekundu kalipozimika, matone yakazimika. Kwenye jagi kulikuwa na vikombe vitatu na robo. Karibu lita, kama mzee alivyosema. Niliingia sebuleni nalo kama mtu aliyeleta kombe la mpira, nikaeleza kwamba hilo ni tone la kazi. Mama mkwe akalichungulia.

"Kwa hiyo lilikuwa linavuja," akasema, "umeita fundi, umemlipa, umenunua jingine, umetengeneza siku nzima, na sasa linavuja."

"Ndiyo, Mama. Lakini sasa linavuja sawasawa."

"Sufuria letu la kuogea lina miaka 30. Hilo tundu hata moja halina." Akaondoka na jagi kwenda kumwagilia mchicha wangu, na kila jioni mpaka anaondoka ilikuwa hivyo hivyo. Mchicha ulistawi kweli.

Sasa tuko wenyewe. Nimefunga kimpira chembamba kutoka kwenye kile kimdomo, kimeshuka mpaka ndooni bila kuzibwa mahali. Nimejua kuisikiliza. Nawasha saa kumi alfajiri nikiwa nusu usingizini, narudi kulala, na tangi likitoka kwenye ubaridi kabisa linakula uniti mbili na nusu na kidogo, wakati LUKU ya 10,000 inanipa uniti 28 na punje, na mara moja kila mwezi humo humo hukatwa kodi ya jengo ambalo si langu. Kwa bei hiyo nalisikiliza kila tone. Lile la kwanza ndiyo saa yangu ya kuamkia, nimeacha hata kutega simu.

Juzi nimeshtuka saa kumi na moja na robo. Kimya. Nikangoja. Kimya tu. Nikayakumbuka maneno yangu mwenyewe: likiacha kuvuja ndipo ukimbie. Ganda limeziba kimdomo. Temostati imegoma. Nikaruka kitandani, nikapanda kigoda gizani, nikainua kiwiko. Maji yakatoka shwaa, ya baridi, safi, hayana shida yoyote. Nikakirudisha taratibu nikishukuru Mungu, ndipo nikageuka kuitafuta taa nyekundu ya swichi. Haikuwaka. Wala taa ya korido. Wala friji haikuwa inanguruma. Nikaenda kwenye mita: uniti sifuri. LUKU imeisha usiku, hakuna kilichochemka, hakukuwa na cha kuvuja.

Nilikuwa naingiza namba ya kumi na saba kati ya zile 20 za LUKU mpya niliposikia kutoka bafuni.

To.

Nikanyamaza. To, to.

"Baba watoto," sauti ikatoka chumbani, "umegusa nini?"